Nani Anakukimbiza, Mwalimu?

Lunga Lunga si mahali pa kukimbia. Huku ni mpakani. Mtu mzima akionekana anakata mbio alfajiri, hakuna atakayesema anafanya mazoezi. Watu watatazama nyuma yake wamwone anayemfuata, kisha watatazama mikononi mwake waone alichobeba. Ukikimbia kuelekea Horohoro, umeiba Kenya. Ukikimbia kutoka Horohoro, umekwepa ushuru. Ukishika njia ya Vanga, huyo ana deni la watu na anawahi mashua. Sababu nyingine haijulikani, na ndiyo hiyo niliyotakiwa mimi niwaeleze watu, nikiwa sina pumzi.

Kwa hivyo mkisikia redioni kwamba sisi Wakenya ni taifa la wanariadha, jueni habari hiyo huku haijafika. Wanariadha wanatoka Iten, mita 2,400 juu ya bahari, ambako hewa ni haba na mapafu yamezoea kubana matumizi. Sisi hewa tunayo tele, tena nzito, ya moto, ina chumvi ya bahari na moshi wa malori yanayongoja karatasi za forodha. Juu ya hayo Mungu akatupa nazi na baraza. Mara ya mwisho watu wengi kukimbizana pamoja huku mpakani, nijuavyo mimi, ni Januari 1915 pale Jasini, karibu na Vanga, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walipowavamia Waingereza na askari wao wa Kihindi. Lakini wale walikuwa wanapigwa risasi. Sababu ilionekana.

Yangu ilianzia kliniki. Muuguzi alinipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akahamia mkono wa pili, nadhani alishuku mkono wa kwanza umesema uongo. Akaniambia nipunguze chumvi. Nikakubali. Nipunguze mafuta. Nikakubali. Nipunguze na nazi. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni Mdigo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi fanya mazoezi."

Maneno haya nilimsimulia dada yangu, na dada yangu ana mtoto wa kiume, na mtoto huyo alikuwa kwenye kamati ya vijana iliyoandaa mbio za jamii za kilomita 10. Wasiojua mambo ya Kidigo niwaeleze hapa kabla hatujaenda mbali. Kwa mila za wazee wetu, mali ya mtu haikurithiwa na mwanawe, ilirithiwa na mpwa wake. Dini imekuja na hesabu zake, korti nazo zimekuja na zake, mambo yamechanganyika, lakini minazi ni minazi na mpwa ni mpwa. Basi kijana alipoleta fomu imekwisha kujazwa jina langu, umri wangu na nambari ya kitambulisho, na pale penye mtu wa kuarifiwa ikitokea dharura ameandika jina lake yeye, nilimtazama kwa muda.

"Mjomba, ni kwa ajili ya afya," akasema.

"Afya ya nani?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Siku hiyo hiyo alikuwa ameniuliza, hivi hivi tu, katika maongezi, kama ile minazi ya upande wa Kikoneni bado inazaa.

Mazoezi nilianza kwa siri, baada ya swala ya alfajiri. Siri huku haipo, lakini mtu hujaribu. Nilikuwa sijafika hata mwisho wa maduka nikamulikwa tochi usoni. Ni askari wa kizuizini, mgeni mjini.

"Mzee, unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

Jibu hili lilikuwa kweli tupu, nalo ndilo lililomfanya amwite mwenzake. Wakataka kipande. Sasa jamani, nani hukimbia na kipande? Kaptura yenyewe haina mfuko. Nikawa nimesimama pale, jasho linanitiririka, mkono kiunoni, pumzi zinakuja moja moja, yaani kila dalili ya mtu aliyetoka kuvuka njia ya panya na gunia la sukari. Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda niliyemfundisha hesabu darasa la sita. Alisimamisha pikipiki, akasema, "Afande, huyo ni mwalimu wetu. Mwacheni tu, ni uzee." Nikaachiliwa kwa sababu hiyo. Nilipotaka kumshukuru akaniambia nipande, mia moja tu hadi nyumbani.

Hawa vijana wa bodaboda nina neno nao. Akilini mwao hakuna mtu anayekwenda kwa miguu, tena kwa haraka, halafu hataki pikipiki. Ukimwambia unafanya mazoezi anakuelewa vizuri sana, anapunguza mwendo, anakwenda sambamba nawe, moshi wote unaingia kwenye mapafu yale yale unayoyatengeneza, na anakwambia kwa upole, "Sawa, mwalimu, panda, nitakupeleka polepole."

Suala la kaptura nalo lilipita kimya kimya. Sheikh wetu hakunitaja jina. Baada ya Isha alitoa darasa fupi juu ya mavazi ya mwanamume, kutoka kitovuni hadi magotini, na muda wote huo alikuwa ameutazama mhimili wa msikiti nilioegemea mimi. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa suruali ndefu.

Lakini haya yote, askari, pikipiki, mavazi, ni madogo. Kubwa ni salamu. Nataka tulizungumze hili vizuri kwa sababu sijaona mtaalamu wa riadha aliyeligusa. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa na wasindikizaji 41 waliopokezana kumkinga upepo, na mbele yao gari linalowaonyesha mwendo barabarani kwa mwanga. Alipewa barabara tupu na asubuhi ya baridi. Watu walipiga makofi, na makofi hayahitaji kuitikiwa. Mleteni Lunga Lunga. Apite pale kwenye wauza mahamri, apite penye baraza la wazee wa bao, apite nje ya kwa mama mkwe wake, kisha aniambie amepita vipi bila kusimama. Ukimpita mtu mzima wa huku bila shikamoo, jioni habari imefika kwa dada yako, na kesho yake imekwishakuwa kwamba una kiburi tangu upate mshahara. Na shikamoo huku haiji peke yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Si... jambo."

"Watoto?"

"Hawa... jambo."

"Na mama yao?"

"Mzima."

"Na yule mdogo aliyekuwa na jino?"

Hapo mtu unafanyaje? Jino limeulizwa. Huwezi kuliacha jino hewani ukaondoka. Mimi mazoezi yangu mengi yaliishia kwenye jino hilo, na jamaa yangu mmoja wa forodhani aliyekuwa na saa ya kuhesabu hatua aliniambia kwamba kwa mujibu wa saa yake mimi sikimbii, natembelea wagonjwa.

Haya, siku ikafika. Fomu ilisema mbio zitaanza saa 12 asubuhi kamili. Neno "kamili" liliandikwa, nimeitunza karatasi. Saa 11 na nusu nilikuwa uwanjani nimevaa fulana yao. Fulana zilikuwa za saizi moja, na mwenye saizi hiyo haishi Kwale. Wanafunzi walikuwa wamezivaa mpaka magotini, wakaonekana kwenye kanzu. Mbele tulibandikwa nambari kwa pini nne, na pini yangu moja ilikuwa na kutu, jambo nililomweleza mpwa wangu, naye akasema, "Mjomba, wewe angalia mbele." Mtu anayekutakia maisha marefu angebadilisha pini.

Saa 12 ikapita. Saa 12 na nusu ikapita. Tulikuwa tunamngoja mgeni rasmi. Ili tusipoe, kijana mmoja mwenye misuli na kipaza sauti alipanda juu ya pikapu akaanza kutuchezesha mazoezi ya viungo kwa muziki. Ruka! Inama! Kushoto! Kulia! Nyanyua goti! Wale wageni watatu wembamba waliokuja na basi la usiku kutoka Eldoret walikaa chini ya mwembe, miguu wameinyoosha, wanatutazama kwa huruma. Mimi niliruka. Niliinama. Nilinyanyua goti mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Kufika saa 1 na nusu nilikuwa nimemaliza nguvu zote nilizokuja nazo, na mbio zenyewe hazijaanza, na jua limeshatoka kwa upande wa Vanga likiwa halina mzaha.

Wapwani tunalijua jua hili, na dunia ililijua tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipoletwa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu na fupi kwa miaka 5 mfululizo. Alikuja na heshima zote hizo, joto la Mombasa likampokea, na bingwa akaacha mbio kabla ya kufika mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyechukua ubingwa. Kama Bekele, kijana, wa dunia nzima, aliweka mikono chini, mwalimu wa shule ya msingi mwenye presha anachelewesheweje mbio kwa ajili ya hotuba? Nilimuuliza mtu wa kamati swali hili. Akaniambia, "Mheshimiwa yuko njiani."

Alikuwa njiani kweli, akafika saa 2 na robo na magari manne. Akasema hatazungumza sana. Alizungumza juu ya afya, kwamba sisi watu wa huku tunakaa sana. Alisema haya tukiwa tumesimama tangu alfajiri, yeye ameshuka garini sasa hivi. Alizungumza juu ya barabara, juu ya maji, juu ya vijana na mihadarati, akawasalimu ndugu zetu waliovuka kutoka Horohoro kuja kukimbia nasi, akasema mpaka ni mstari tu wa wakoloni. Ni kweli, mstari wenyewe Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 kuanzia kwenye mlango wa mto Umba, bila kumuuliza mtu wa Vanga, lakini hata wao nina hakika waliumaliza upesi kuliko hotuba ile. Kisha akapunga bendera, akapigwa picha anapunga, akapunga tena kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri, na kundi la mbele likaondoka mara ya kwanza, likaitwa, likarudi, likaondoka tena. Wale watatu wa Eldoret peke yao hawakurudi. Walikuwa wamekwisha kuwa wadogo huko barabarani.

Njia ilikuwa rahisi: barabara kuu ya Mombasa, kilomita 5 kuelekea Perani, unazunguka pipa, unarudi. Barabara haikufungwa. Waliweka kijana mwenye kitambaa chekundu, na malori yalimheshimu yalivyoona inafaa. Nikaanza kwa mwendo wangu wa hekima. Wanafunzi wakanipita. Sawa, ni watoto. Wazazi wao wakanipita. Sawa, wana haraka ya kurudi dukani. Akanipita msichana wa Kikoneni amevaa hijabu na raba za shule, amenyooka, hatoi jasho, na baadaye nikasikia ndiye aliyeshinda upande wa wanawake, akapewa mbuzi wake na akaondoka naye kwa heshima zote. Huyo simlaumu kwa lolote. Ningemlaumu ningeanguka.

Hapo ndipo jamii ilipoanza. Mbio za jamii, nimegundua, maana yake ni kwamba wewe unakimbia na jamii inakaa pembeni ikitoa maoni. Waandaaji walihesabu kilomita. Hawakuhesabu watu niliowafundisha katika miaka yangu yote ya chaki, ambao leo wako kila upande wa barabara hii: wanabadilisha fedha, wanauza kuku, wanaosha malori, wanachoma mahindi. Na wote hao, nakumbuka mmoja mmoja, niliwahi kuwazungusha uwanja kwa kuchelewa gwaride.

"Mwalimu! Inua miguu!"

"Mwalimu, uwanja mara nne!"

"Usitembee, nakuona!"

Mmoja alikuwa na fimbo. Aliinyanyua tu, hakunigusa, lakini aliinyanyua kwa namna ninayoifahamu, kwa sababu ni namna yangu.

Na kila penye kivuli palikuwa na mzee, na kila mzee alikuwa na shikamoo yake inamngoja. Nilijaribu mbinu ya kuinua mkono na kutabasamu. Haikukubalika. "Mwalimu siku hizi hatuongei?" Nikarudi hatua tatu, wallahi, nikarudi mbioni, nikamwamkia mzee yule vizuri, akanijulia hali, akauliza nani ananikimbiza. Nikamwambia hakuna anayenikimbiza, mzee wangu, ni mbio za afya. Akatazama nilikotoka, akatazama ninakokwenda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi sikukuona. Nenda."

Ilipokaribia kilomita ya tatu nikasikia nyayo nyuma yangu, taratibu, hazina papara. Nikasema huyu angalau ni wa kiwango changu. Alikuwa bibi, umri wa mama yangu, amejifunga leso mbili, kichwani ana tenga la muhogo. Hakuwa na nambari. Hakuwa mbioni. Alikuwa anakwenda sokoni kwa njia ya nyuma na aliingia barabarani mara moja tu kumpelekea mtu deni lake. Akafika sambamba nami, akaniamkia yeye, tukaulizana hali, akauliza mpaka jino, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi natangulia, muhogo utachomwa na jua." Akatangulia. Kiuno hakikuyumba, tenga halikutikisika. Nilimtazama akipungua mbele yangu mpaka akachepuka penye mwembe, na ninachoshukuru ni kwamba alichepuka.

Maji waliahidi kila kilomita 2. Kituo cha kwanza kilikuwa na maboksi matupu na watoto wawili wenye matumbo yaliyojaa. Cha pili sikukiona. Nilichokiona ni muuza madafu, amepanga mzigo wake chini ya mkorosho, panga liko begani. Huyu simtaji jina lakini dua yangu anayo. Hakuniuliza kitu. Alichagua dafu kwa kuligonga kucha, akalishika kwenye kiganja cha kushoto, akalikata kichwa kwa mapigo matatu ya mshazari, tak, tak, tak, la mwisho likafungua kijitundu cha ukubwa wa shilingi, na maji yakaruka kidogo yakamwingia kwenye kwapa. Nilikunywa nimefumba macho. Akalipasua kati, akachonga kijiko kutoka kwenye ganda lenyewe, akanipa nikwangue ule utando laini wa ndani. Nikaketi. Nani hukwangua dafu amesimama? Nikakumbuka yule muuguzi na nazi yake, lakini dafu si nazi bado, ni suala la umri. Nilikuwa na simu kwenye soksi, ile soksi ninayotia kipande tangu siku ya tochi, nikalipa kwa M-PESA hapo hapo, na huku nangoja ujumbe uingie washiriki wawili wa mwisho wakanipita wakisukumana kwa kicheko.

Basi nyuma yangu ikabaki ambulensi. Hili nalo hawakulifikiria. Gari la wagonjwa linakwenda nyuma ya mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho sasa alikuwa amekaa chini anakula dafu. Dereva akazima injini akashuka akanunua na lake. Tulipoondoka tuliondoka pamoja, mimi mbele, ambulensi nyuma ikiwasha taa zake za rangi, pembeni bodaboda tatu zinazongoja nikate tamaa zipate mteja. Watu waliotuona kwa mbali walisimama. Mama mmoja aliwapanga watoto mstari wapunge mikono. Walidhani mgeni rasmi anarudi.

Penye pipa palikuwa na kijana mwenye kalamu. Alitakiwa kunitia alama mkononi kuthibitisha nimezunguka. Wino ulikataa kushika kwa jasho, akajaribu kiganja, akajaribu fulana, mwisho akaniandika sikioni. Kuhusu kilomita 5 za kurudi sitaki kusema mengi. Jua lilikuwa utosini. Dereva wa ambulensi alinisimulia kwa dirishani habari ya shamba lake la korosho, tangu ununuzi hadi kesi.

Nilipoingia uwanjani hema lilikuwa linashushwa. Utepe wa mwisho ulikuwa umekatwa, umefungiwa viti. Lakini yule wa kipaza sauti alikuwa bado yuko juu ya pikapu, na aliponiona aliwika. Akaanza kuwaeleza watu habari ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, muda mrefu baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. "Huyu ndiye Akhwari wetu!" akapiga kelele. Ndugu zetu wa Horohoro wakanitazama magoti. Yalikuwa mazima. Nikachechemea kidogo kwa heshima ya marehemu mbio zangu, wakapiga makofi.

Cheti cha ushiriki nilipewa. Jina limekosewa herufi mbili, kwa hivyo aliyeshiriki kisheria ni mtu mwingine kabisa na presha bado ni yangu.

Nikaenda kuketi kwenye kivuli cha ukuta, na hapo nilimkuta bingwa. Ni yule mrefu kati ya wale watatu wa Eldoret. Wenzake walikuwa wamepata bahasha na madumu ya mafuta ya kupikia, wako kwenye stendi wanacheka. Yeye, mshindi wa kwanza, alikuwa ameketi kwenye jiwe ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo mbuzi. Mbuzi mwenyewe, beberu, mweupe mwenye baka jeusi, shingoni amevishwa kibao cha kadibodi: MSHINDI WA KWANZA.

"Mzee, shikamoo," kijana akasema, na nikampenda papo hapo. Akanieleza shida yake. Basi lake linatoka Mombasa jioni. Makondakta wa matatu za kwenda Likoni wanataka mbuzi alipe kiti. Feri iko mbele, Nairobi iko mbele, usiku mzima uko mbele, na Eldoret kwao mbuzi wapo.

"Nipe elfu nane," akasema.

"Kwa kipi?"

"Huyu ni mbuzi wa ushindi, mzee."

"Ushindi ni wako. Mimi nanunua mbuzi."

Tukateremka hadi elfu sita. Mpwa wangu akatokea, sijui alitokea wapi, akamshika mbuzi kwenye mbavu, akamtazama meno. "Mjomba, chukua," akasema, "ni mali ya nyumbani."

"Ya nyumbani kwa nani?"

Akajifanya anasoma kadibodi. Matatu ikapiga honi, kijana akatazama barabarani, na bei ikawa elfu tano. Nikatuma fedha, akanikabidhi kamba kwa mikono miwili, akakimbia kuiwahi gari. Hapo ndipo nilipomwona vizuri anavyokimbia, na nikaelewa kwamba sisi wengine asubuhi ile tulikuwa tunafanya kitu kingine.

Njiani kurudi nyumbani nilikwenda polepole. Mbuzi hakuwa na haraka wala mimi sikuwa nayo. Fulana ninayo mwilini, nambari iko kifuani, cheti kwapani, na mbele yangu kadibodi inaning'inia ikisomeka vizuri kutoka pande zote mbili za barabara. Sikumwambia mtu neno. Vijana wa bodaboda walisimama wakapiga honi kwa pamoja. Yule wa fimbo aliificha nyuma ya mgongo akasema, "Hongera, mwalimu." Sheikh, mlangoni pa msikiti, alinipa mkono na kusema mwanamume kujitunza mwili ni jambo jema. Baraza la bao likasimamisha mchezo. Niliamkia kila mzee, nikajibu habari za watoto wote, na jino nililieleza kwa kirefu, lilivyoanza, lilivyong'olewa, na jipya linavyochomoza.

Bibi wa muhogo alikuwa anatoka sokoni, tenga sasa ni tupu, amelishika mkononi. Akasimama katikati ya njia. Kusoma hajui, akamwomba mtoto amsomee kilichoandikwa shingoni mwa mbuzi. Mtoto akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Bibi akamtazama mbuzi, akanitazama mimi kuanzia raba hadi sikio lenye wino.

"Masikini," akasema, "kumbe hao wenzako walikuwa wagonjwa hivyo?"